Anuiti ya hisani ya chuo cha Marekani: shangazi yangu kaingia, haya ndo niliyoyaona

Wakuu habari zenu. Nianze na maksi kabisa maana najua wengi hamfiki mwisho. Kama njia ya kukichangia chuo, hii kitu naipa nyota nne kati ya tano. Kama uwekezaji naipa mbili. Na kama wewe ni mtu wa Temeke hujawahi kulipa kodi Marekani hata senti, hiyo ya pili ishushe iwe moja. Naandika kwa urefu sababu kila nikiigusia kijiweni kuna anaedhani ni upatu wa mtandaoni na kuna anaetaka nimuunganishe kesho asubuhi, na wote wawili wamekosea.

Ni hivi. Vyuo vikuu vingi vya Marekani vina mpango unaoitwa anuiti ya hisani. Unakipa chuo hela au hisa, unakipa kweli, hairudi hata ulie. Chuo kinasaini mkataba na wewe kwamba kitakulipa kiasi fulani kila mwaka, hakipandi hakishuki, mpaka siku unafariki, na ukifariki kilichobaki kinakuwa cha chuo moja kwa moja kwa kazi mliyokubaliana, iwe ufadhili wa wanafunzi, maktaba au chochote. Yani unampa mtu ng'ombe halafu mnakubaliana maziwa utaendelea kunywa wewe mpaka ufe. Unaweza ukaandika majina mawili, mfano wewe na mwenzi wako, malipo yakaendelea mpaka wa mwisho aondoke, ila hapo kiwango kinakuwa cha chini.

Shangazi yangu ni muuguzi mstaafu, kafanya kazi kule miaka mingi, ana uraia wa kule (na kwa kuwa uraia pacha hatuna, anaingia kwao kama mgeni, hiyo tuiache maana itaniharibia siku), siku hizi muda mwingi yuko Mbezi Beach na mimi ndo mtu wake wa makaratasi. Chuo alichosoma sitokitaja. Ni chuo cha serikali ya jimbo, sio hivi vyenye majina makubwa.

Ana miaka 75. Kwa umri huo kiwango ni asilimia 7.0 kwa mwaka. Kaweka dola 20,000 kwa hiyo analipwa dola 1,400 kwa mwaka, zinakuja kwa robo, dola 350 mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa hela yetu mwaka mzima ni kama milioni tatu na nusu, inategemea dola imeamkaje. Malipo ya kwanza huwa pungufu, msishtuke, wanahesabu kuanzia siku hela ilipoingia kwao.

Hiyo asilimia haijatungwa na chuo. Kuna chombo kinaitwa American Council on Gift Annuities, kipo tangu 1927, ndo kinapendekeza viwango na vyuo vingi vinafuata, kwa hiyo hukuti chuo hiki kinakuvuta kwa kiwango kikubwa kuliko kile. Vya kuanzia Januari 2024 viko hivi: mtu mmoja wa miaka 65 anapewa 5.7, wa 70 anapewa 6.3, wa 75 ni 7.0, wa 80 ni 8.1, wa 85 ni 9.1, na kuanzia 90 ni 10.1. Mzee zaidi analipwa zaidi, na sababu ni hiyo hiyo mnayoiwaza, tusizunguke. Halafu wanaume na wanawake kiwango ni kimoja japo wanawake wanaishi zaidi, kwa hiyo kina mama hapa mmependelewa na sijasikia mtu analalamika.

Sasa hapa ndo watu wanapotea. Hiyo 7 SIO RIBA. Mtu akisikia asilimia 7 ya dola maisha yote anaona dili, dola kabisa, lakini kwenye riba ya kweli mtaji wako upo, siku ukitaka unautoa. Hapa mtaji umeshatoa. Gawa 20,000 kwa 1,400 upate miaka 14 na ushee, maana yake shangazi mpaka afike miaka 89 atakuwa anarudishiwa hela yake mwenyewe polepole, baada ya hapo ndo anaanza kula ya chuo. Viwango vyenyewe vimepangwa kwa lengo kwamba mtoaji akifariki chuo kibaki na takriban nusu ya alichopewa. Imeandikwa wazi, hakuna anaefichwa. Na ndo maana nasema kama ni kuzalisha hela nenda UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) au nunua hatifungani za serikali, yani unaikopesha serikali inakulipa riba, zile za miaka 25 ziliwahi kutoa asilimia 15.95 kwa mwaka kabla hazijashushwa 2022 kuwa 12.56, na mwisho wa siku mtaji wako unarudi kwa watoto. Huku haurudi. Ukiweka mizani hiyo basi anuiti imeshindwa asubuhi na mapema, hata sijagusa mambo ya mfumuko wa bei, maana hizo dola 350 zitakuwa dola 350 hata shangazi akifika miaka 95 na mkate kule unauzwa bei ya kuku.

Kwa nini basi nyota nne.

Kwanza, hakuna dalali. Jamani. Mtu aliyeishi Dar akaona kila kitu kina dalali, chumba kina dalali, kiwanja kina madalali watatu na mwenyekiti wa mtaa juu yake, atanielewa. Kuna sheria ya Marekani ya 1995 inayovilinda vyuo na taasisi kwenye haya mambo, na sharti lake mojawapo ni kwamba mtu anaekushawishi utoe asilipwe kamisheni kwa ukubwa wa zawadi yako. Kwa hiyo yule dada wa ofisi ya zawadi pale chuoni ni mfanyakazi wa mshahara, uweke elfu 10 uweke milioni, yeye mwezi wake ni ule ule. Na inaonekana kwenye maongezi. Alimuuliza shangazi mara mbili kama hela hiyo ataihitaji kwa matibabu, akamwambia kama kuna dalili ataihitaji basi asiiweke. Muuza kiwanja wa Kigamboni gani atakuuliza hivyo?

Pili, sheria hiyo hiyo inawalazimisha wakupe maelezo ya maandishi kabla hujatoa hela, mfuko unaendeshwaje, nani anausimamia, na chuo chenyewe kinakupa pia hesabu ya mfano yenye jina lako na umri wako. Tulipewa kurasa kadhaa, nikazisoma zote, shangazi akasoma ya kwanza akaniambia "baba we soma, mimi macho yamechoka". Kilichoniridhisha ni kwamba maneno ni yale yale kwenye barua, kwenye maelezo na kwenye mkataba. Hakuna nyota ndogo chini ya ukurasa.

Tatu, na hii ndo kubwa, kilichosainiwa hakibadiliki. Nimeona wazee wangu walivyoteswa na kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa pensheni. Mtu katumikia serikali akijua mkupuo ni asilimia 50, Julai 2022 anaambiwa ni 33, halafu 2024 kundi lile likapandishiwa mpaka 40, yani mzee anastaafu huku sheria zinacheza. Kwenye anuiti viwango navyo vinapanda na kushuka, kipindi cha korona, Julai 2020, mtu wa miaka 75 alikuwa anapewa 5.4 tu, lakini mabadiliko yanawahusu wanaoingia wapya. Aliyesaini kwa 5.4 anabaki na 5.4 na aliyesaini kwa 7.0 ni wa 7.0 mpaka kaburini, hata kesho washushe. Hapo kuna makali pande mbili, aliyeingia 2020 lazima anajisikia vibaya akiona wa leo, ila angalau alijua anapata nini.

Kitu ambacho sikukitegemea ni historia yake. Mimi nilidhani ni ubunifu wa mabenki wa juzi juzi. Kumbe mwaka 1831 kulikuwa na mchoraji anaitwa John Trumbull, ndo yule aliyechora picha ya kutangazwa uhuru wa Marekani ambayo ipo nyuma ya noti yao ya dola 2, alikuwa mzee wa miaka 75 (umri wa shangazi!) na hela hana. Akakipa chuo cha Yale mkusanyiko wa picha zake, Yale ikaahidi kumlipa dola 1,000 kila mwaka mpaka afe. Akaishi mpaka 1843. Yale ikabaki na picha, jumba lake la sanaa likaanzia hapo, na mzee kazikwa chini ya picha zake kama alivyotaka mwenyewe. Mwaka huo huo wa 1843 jumuiya ya Biblia ya Marekani nayo ikaanza kufanya kitu cha aina hiyo kwa hela taslimu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema hii ni DECI ya Wazungu mwambie apumzike. DECI tuliyoiona 2009 ilikuwa inakuahidi uvune mara mbili ya ulichopanda, huku unaambiwa mapema kabisa kwamba utatoka na pungufu na nusu inabaki chuoni. Tapeli gani anaanza hivyo.

Na kwetu pwani wazo lenyewe si geni. Watu wa Zanzibar na hapa mjini wanajua wakfu wa familia, mtu anaiweka nyumba wakfu, kodi wanakula wanawe na wajukuu, kizazi kikiisha inaenda msikitini au madrasa. Tofauti ni kwamba pale wanaokula ni wa nyuma yako, huku anaekula ni wewe mwenyewe na watoto wanabaki wanaangalia. Na ndo palipotuletea kikao cha familia.

Kikao kilikuwa kizito. Baba mdogo alipopata habari alifunga safari kutoka Morogoro. "Dada, hao watu wana hela kuliko serikali yetu, unawapelekea za nini?" Na kwa hesabu yuko sahihi kwa baadhi yao. Mfuko wa Harvard unapita dola bilioni 50, bajeti yetu nzima ya serikali ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49 na kitu za shilingi, ambayo ukiipeleka kwenye dola inacheza kwenye bilioni 20 hivi. Binamu zangu wao walikuwa wapole zaidi ila macho yalikuwa yanasema mirathi. Shangazi aliwaacha wamalize wote, akaweka kikombe chini, akasema, "Mimi nilisomeshwa na hela ya bibi mmoja hata sura yake siijui, alikufa sijafika kule. Nilikuwa sina hata koti la baridi. Nyumba ya Mbezi ni yenu, kiwanja cha Bagamoyo ni chenu, hii ni deni langu mwacheni nilipe." Baba mdogo akaomba chai nyingine.

Kutoka hapo nikaelewa kwamba mtu wa kuuliza kama inalipa ameshakosea mlango. Hii ni ya mtu aliyeshaamua kutoa. Angetoa tu, ila anaogopa kutoa yote leo halafu kesho augue. Kwa mtu huyo ni nzuri sana, sijaona nyingine inayomfaa zaidi.

Kwenye kodi naomba mnivumilie maana kuna kitu kimoja kinafaa kujulikana na ndugu zetu walioko kule. Kwa kawaida ukitoa anuiti kwa hela taslimu unapata punguzo la kodi kwa ile sehemu ambayo ni zawadi kweli, na sheria inataka sehemu hiyo isipungue asilimia 10, halafu sehemu ya kila malipo haikatwi kodi kwa miaka kadhaa sababu ni hela yako inarudi. Tamu kuisikia. Lakini punguzo lenyewe kwa sehemu kubwa ni la mtu anaeorodhesha makato yake moja moja, na wastaafu wengi wanachukua lile punguzo la jumla wanalopewa wote, ambalo kwa mtu mmoja mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 na kwa wazee linaongezwa. Kwa hiyo kwa wengi punguzo karibu lote linabaki kwenye karatasi, halikugusi.

Shangazi alipita mlango mwingine. Mwishoni mwa 2022 ilipitishwa sheria inaitwa SECURE 2.0, kuanzia 2023 mtu aliyefikisha miaka 70 na nusu anaruhusiwa, mara moja tu maishani, kuchukua hela kutoka kwenye akaunti yake ya kustaafu ile ya IRA na kuipeleka moja kwa moja kwenye anuiti ya hisani bila kuhesabiwa kuwa ni kipato chake. Kikomo kilianza na dola 50,000, mwaka 2024 kikawa 53,000, na 2025 kikawa 54,000. Na kwa kuwa kuanzia miaka 73 wanalazimishwa kutoa kiasi fulani kwenye akaunti hizo kila mwaka watake wasitake, hela hiyo inahesabika humo. Ubaya wake ni kwamba hupati punguzo lingine lolote na kila senti utakayolipwa inakatwa kodi ya kipato, sababu ilikuwa haijawahi kukatwa. Kwa muuguzi mstaafu asieorodhesha makato ni njia safi. Sharti ni kwamba hela isipite mkononi mwako hata kwa dakika moja, itoke kule iende chuoni.

Na hapo ndo nyota ya tano ilipodondokea. Kampuni inayotunza akaunti yake ilituma hundi chuoni bila jina la shangazi, hundi ikakaa kwenye droo ya mtu hajui ni ya nani, huku sisi tunapiga simu usiku kwa saa za huku maana wao wanafungua ofisi sisi tunakula chakula cha usiku. Chuo kinasema hakijaona kitu, kampuni inasema imetuma. Ikapatikana, lakini shangazi alishaanza kulala vibaya. Ushauri: wambie kampuni iandike jina lako kamili kwenye hundi na umtumie yule wa ofisi ya zawadi picha ya barua mapema.

Jingine ni fomu zao. Kwa chuo kinachojisifia kupokea wanafunzi wa dunia nzima, fomu ilikuwa inakataa namba ya simu ya Tanzania, inataka jimbo kutoka kwenye orodha ya majimbo ya Marekani, na postikodi zetu tulizopewa na ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilikuwa inazitafsiri kama mji fulani wa kule kwao. Mkataba wakataka sahihi ya kalamu na karatasi halisi, kwa hiyo ni steshenari Mwenge kuchapa, kusaini, kurudisha kwa kurieri ambayo ukiambiwa bei unakaa chini. Na malipo wanaweka kwenye akaunti ya benki ya Marekani tu. Shangazi anayo, kutoka hapo anahamisha mwenyewe mpaka kwenye simu, asiekuwa nayo sijui angefanyaje.

Ukiondoa hayo, wanajua kumtunza mtu. Barua ya kila mwaka ya kodi inakuja kwa wakati, kadi ya siku ya kuzaliwa inakuja, na robo ikiisha hela imeingia bila mtu kupiga simu wala kwenda uhakiki. Kuna wastaafu wa huku wakisoma sentensi hiyo watalia.

Hatari. Hii haina bima kama akiba ya benki. Dhamana ni mali za chuo chenyewe, na kama chuo kikifilisika wewe unapanga foleni na wadai wengine. Na msidhani vyuo vya Marekani havifi, University of the Arts ya Philadelphia ilitangaza siku ya mwisho ya Mei 2024 kwamba inafunga, wiki iliyofuata ikafunga, wanafunzi na walimu wamepigwa butwaa. Baadhi ya majimbo kama New York na California yanalazimisha taasisi zitenge akiba maalumu kwa ajili ya hawa wanaolipwa, mengine yamelegea. Kwa hiyo kabla ya kusaini omba hesabu zao zilizokaguliwa na uulize kama hela za anuiti zimetengwa pembeni au zimechanganywa na za matumizi. Shangazi aliona aibu kuuliza. Mimi niliuliza, na yule dada alijibu siku hiyo hiyo na faili kaambatanisha.

Sasa wewe wa huku unaetaka "niunganishe". Ngoja nikukatishe tamaa kwa upole. Kama hulipi kodi Marekani lile punguzo halikuhusu kabisa. Sehemu ya malipo inayohesabika ni kipato inaweza kukatwa asilimia 30 kule kule kabla haijakufikia, na sisi na Marekani hatuna mkataba wa kodi wa kupunguza hiyo. Vyuo vingi kima cha chini ni dola 10,000 na umri wa chini miaka 60 au 65. Ipo aina ya kuweka leo ukaanza kulipwa miaka mingi mbele kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa wenye umri mdogo, lakini kwa mtu wa Dar bado ni kuchukua shilingi kuigeuza dola kuipeleka mbali ili ikurudie imekatwa.

Kinachoniuma ni kwamba hapa kwetu tungeweza. Angalia Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kilianza 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba na wanafunzi 13 wa sheria, kikapanda mlimani 1964, 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Waliosoma pale miaka ya 70 leo ndo wana miaka 70 na kitu, ndo wenye nyumba Mikocheni na Oysterbay, ndo walionunua hisa za bia soko la hisa lilipofunguliwa 1998 na za saruji miaka iliyofuata, watoto wako Toronto hawarudi. Na wengi walisomeshwa bure na nchi. Halafu huku chini mtoto wa mkulima anasubiri bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa anashindia mihogo. Watu wa kutoa wapo na wa kupewa wapo.

Na hesabu sio ngumu. Mzee akitoa milioni 50, chuo kikinunua hatifungani ya miaka 25, hata tuseme ni 12 tu kwa mia, inazaa milioni 6 kwa mwaka. Mpe mzee milioni 4 mpaka Mungu amchukue, milioni 2 mlipie mtoto ada kuanzia mwaka huu huu, na mzee akiondoka milioni 50 ipo. Mzee anaona kijana anaesoma kwa hela yake angali hai, jambo ambalo hata shangazi yangu hatolipata, maana kule mpaka afe kwanza. Kwenye hili ningesema mpango wetu ungekuwa mtamu kuliko wao.

Najua mtakachosema, kwamba mkuu wa chuo akibadilika na mkataba unabadilika, au hela inajenga uzio. Ni kweli, ndo maana isikae kwenye akaunti ya chuo, ikae kwenye mfuko wenye wadhamini wake na mkaguzi wa nje, na kwa kuwa kumuahidi mtu malipo ya maisha ni mambo ya kibima basi TIRA, wasimamizi wa bima nchini, nao wawepo mezani tangu siku ya kwanza. Mimi mwenyewe bila hayo singemruhusu shangazi aweke hata laki.

Kwa wenye ndugu kule ambao wameshaamua kuingia, dogo moja la mwisho kabla hamjasaini: kwenye mkataba kuna sehemu ya kuchagua ulipwe kwa mwezi, kwa robo, kwa nusu mwaka au mara moja kwa mwaka. Shangazi kachagua robo sababu ilimfurahisha kuona hela inaingia mara nyingi. Kama hela itakuwa inavuka kuja Dar chagua mara moja kwa mwaka au nusu mwaka, maana makato ya kutuma yanakula hapa na pale na kwenye dola 350 yanaonekana kabisa.